Konea nyembamba, retina nyembamba: zinahusiana wapi?

Tuseme kuna kijana wa Bombo, Uganda, umri wake miaka 19, anayevaa miwani ya minasi 8. Kabla hajaanza chuo wazazi wamempeleka Kampala apimwe macho kwa kina, naye amerudi na karatasi mbili. Ya kwanza inasema konea zake, utando wa mbele wa jicho, zina unene wa mikroni 485 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ya pili ni picha ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyopigwa kwa OCT, mashine inayopima tabaka zake kwa mwanga, na kwenye chati yake kuna vipande vilivyopakwa rangi nyekundu: tabaka la nyuzi za neva ni jembamba kuliko la watu wa umri wake. Jioni shangazi anazitandaza karatasi mezani, anazilinganisha, anatoa hukumu: macho ya mtoto yanaliwa mbele na nyuma.

Hofu ya shangazi inaeleweka. Mbele pembamba, nyuma pembamba, na mwenye macho hayo bila miwani huona sawasawa kitu kilicho sentimita 12 au 13 tu kutoka usoni. Nani asingeunganisha mambo hayo? Hata watafiti wa macho wamelifuata swali hilo kwa miaka mingi, wakipima konea na retina za watu wasioona mbali na kutafuta kama moja inaweza kutabiri nyingine. Ingekuwa hivyo, kazi ingerahisika sana. Konea hupimwa kwa dakika moja kwa kifaa kinachoshikwa mkononi, ilhali mashine ya OCT ni ghali na haipatikani katika kila mji. Daktari wa Koboko au Kasese angepima mbele akajua hali ya nyuma.

Haikuwa hivyo. Katika jicho la mayopia, yaani lisiloona mbali, retina hukonda kwa sababu jicho limerefuka. Konea ina sababu zake nyingine kabisa za kuwa nene au nyembamba. Pande hizi mbili hukutana kwenye presha ya jicho, na hapo ndipo karatasi za kijana wetu zinapotaka msomaji makini.

Tuanze mbele. Konea ni ule utando angavu unaofunika sehemu ya rangi ya jicho. Katikati yake, kwa mtu mzima, huwa na unene wa takriban mikroni 540, yaani nusu milimita na kitu kidogo, na hunenepa kuelekea pembeni. Sehemu kubwa ya unene huo, kama tisa ya kumi, ni nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa nidhamu kali ili mwanga upite bila kutawanyika. Haina mishipa ya damu. Kati ya dayopta 60 hivi za nguvu ya jicho zima ya kukunja mwanga, konea hutoa takriban 43. Wengi wakisikia hivyo hudhani konea nyembamba ni konea dhaifu, kama lenzi iliyopungua kitu. Sivyo. Nguvu hiyo hutoka kwenye mkunjo wa konea, yaani jinsi ilivyobinuka, na unene wake hauchangii karibu chochote. Watu wawili wanaweza kuwa na konea za mikroni 480 na 600, na wote wakasoma ubao kutoka nyuma ya darasa bila miwani.

Unene wa konea hurithiwa kwa kiasi kikubwa mno, na ni miongoni mwa vipimo vya mwili vinavyofuata damu ya ukoo kwa karibu zaidi. Tafiti za mapacha zimelionyesha hilo, na baadhi ya jeni zinazohusika zinajulikana, kama COL5A1 na ZNF469. Zaidi ya hapo, konea humaliza kazi ya kukua mapema sana. Upana wake hufikia kiwango cha mtu mzima karibu na umri wa miaka miwili, na unene wake hutulia miaka michache tu baadaye, mtoto akiwa hajaanza P1.

Sasa linganisha na nyuma. Mtoto mchanga huzaliwa na jicho lenye urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Mtu mzima asiye na mayopia ana kama milimita 23.5 au 24. Kila milimita inayozidi hapo humwongezea mtu karibu dayopta mbili na nusu za mayopia, na minasi ya miwani huhesabiwa kwa dayopta hizo hizo, kwa hiyo kijana wetu wa minasi 8 yumkini ana jicho la milimita 27 hivi. Milimita hizo tatu za ziada hazikuja katika miaka ya mwanzo kabisa ya utoto. Mayopia ya kawaida huanza umri wa shule ya msingi na kuendelea hadi ujana, wakati konea ilishamaliza mambo yake. Tena jicho halivimbi kote kwa usawa. Linanyooka hasa nusu ya nyuma, likiacha umbo la mpira na kuelekea umbo la yai. Kwa hiyo retina iliyoko nyuma inavutwa katika miaka ambayo konea iliyoko mbele imetulia, na inavutwa na nguvu isiyoifikia konea.

Nyuma huko mambo ni mengi kuliko neno "nyembamba" linavyosema, na ndipo picha za OCT zinapochanganya watu. Wazo la kwanza ni rahisi: donge la unga la chapati ukilisukuma liwe pana, linakonda, kwa sababu unga haukuongezeka. Retina nayo haiongezi seli jicho linaporefuka, idadi ile ile hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Lakini hapa mfano wa chapati unaishia, maana retina haikondi kila mahali sawasawa. Katikati kabisa, kwenye fovea, kile kishimo kidogo ambacho wewe msomaji unakitumia sasa hivi kusoma maneno haya, unene hubaki karibu vile vile, na katika tafiti kadhaa umeonekana kuongezeka kidogo macho yanaporefuka. Anayekonda ni jirani yake, yaani ile duara inayoizunguka fovea, na zaidi ya hapo maeneo ya pembezoni. Ukiona ripoti inasema "unene wa katikati ni wa kawaida", usifurahi haraka. Ni sehemu inayobadilika kidogo kuliko zote.

Anayeumia kuliko retina yenyewe ni koroidi, zulia la mishipa ya damu lililotandikwa chini yake, ambalo huilisha tabaka la nje la retina. Chini ya fovea ya mtu mzima asiye na mayopia koroidi huwa na unene wa mikroni 250 hadi 300 au zaidi. Katika mayopia kali inaweza kushuka chini ya 100, hata chini ya 50. Ukuta mweupe wa jicho, sklera, nao hukonda sana kwenye ncha ya nyuma. Cha ajabu, utando mwembamba unaotenganisha retina na koroidi, uitwao utando wa Bruch, hauonekani kukonda katika eneo hilo hilo. Jambo hilo limewafanya wanasayansi wengine wafikiri kwamba huenda utando huo ndio unaokua huko ubavuni mwa jicho na kusukuma nyuma, ukiibana koroidi dhidi ya sklera. Bado ni nadharia, ila naipenda, kwa sababu inaeleza kwa nini zulia linakonda zaidi ya retina iliyo juu yake.

Turudi kwenye rangi nyekundu. Mashine ya OCT haijui ugonjwa. Inapima unene, kisha inaulinganisha na hazina ya vipimo vya watu wenye afya iliyowekwa ndani yake na kiwanda, na katika hazina hizo watu wenye mayopia kali kwa kawaida waliachwa nje. Kijana wa minasi 8 analinganishwa na watu wa macho mafupi kuliko lake. Kuna na jambo la macho yenyewe: mashine huchora duara kuzunguka kichwa cha neva ya jicho na kupima nyuzi zinazopita hapo, lakini katika jicho refu duara hilo hutua mbali zaidi na neva kuliko lilivyokusudiwa, mahali ambapo nyuzi ni nyembamba kwa kila mtu. Na njia kuu za nyuzi, ile ya juu na ile ya chini, katika macho haya husogea kuelekea upande wa sikio, kwa hiyo mashine inatafuta kilima ambapo sasa kuna bonde. Matokeo ni wekundu kwenye jicho lisilo na ugonjwa wowote wa neva. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa za maisha yote za glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho iliyopanda, kwa sababu ya wekundu huo peke yake, na hilo ni kosa ambalo jicho la pili la mtaalamu lingelizuia.

Je, tafiti hazikupata uhusiano wowote kati ya konea na retina? Zilipata, hapa na pale. Ziko zilizoona konea nyembamba kidogo kwa wenye mayopia kali, ziko zilizoona kinyume, na nyingi hazikuona uhusiano wa maana kati ya unene wa konea na urefu wa jicho. Hata pale uhusiano ulipopatikana, utazame ukubwa wake. Tuseme kipimo cha uhusiano ni 0.2, na takwimu zikasema si bahati nasibu. Zidisha 0.2 kwa yenyewe upate 0.04. Maana yake konea inaeleza asilimia 4 tu ya tofauti za retina kati ya mtu na mtu, na asilimia 96 ina maelezo mengine: umri, jinsia, urefu wa jicho, mahali ulipopimwa. Konea yenyewe nayo haikai tuli. Asubuhi baada ya kuamka huwa nene kidogo kuliko mchana, anayevaa lenzi za kubandika anaweza kuwa na konea iliyovimba kidogo, na kifaa cha sauti hutoa namba tofauti kidogo na kifaa cha mwanga. Ukizikusanya kelele zote hizo, si ajabu tafiti ndogo zikapishana. Mwaka 2005 wachunguzi waliopima chini ya hadubini macho yaliyokwisha kuondolewa walitafuta kama konea nyembamba huenda pamoja na wembamba wa kile kichujio cha nyuma ambacho nyuzi za neva hupitia kutoka jichoni. Hawakuona uhusiano.

Unene, hata hivyo, si tabia pekee ya konea. Kuna unyumbukaji, yaani jinsi konea inavyonyonya msukumo na kurudi mahali pake. Kipimo hicho mara nyingi huwa cha chini kwa wenye mayopia kali hata unene ukiwa wa kawaida. Hapo pana dalili kwamba ubora wa kolajeni ya jicho zima unaweza kuwa na jambo la pamoja mbele na nyuma. Ugonjwa wa Marfan unaonyesha jambo hilo kwa ukali wake: nyuzi za mwili mzima zina kasoro, jicho hurefuka, na konea huwa bapa na mara nyingi nyembamba. Lakini hao ni wachache, na kwa kawaida urefu wa miguu na vidole huwataja kabla ya macho.

Kuna na wale ambao konea yao kweli ndiyo chanzo cha kutoona mbali. Wenye keratokonasi, konea hukonda na kuchongoka kama pia, na kwa kuwa mkunjo umeongezeka, mwanga hukusanyika mapema mno, nao wanaandikiwa minasi. Urefu wa jicho lao unaweza kuwa wa kawaida kabisa, na retina pia. Ugonjwa huu huenda pamoja na mzio wa macho wa watoto, ule unaofanya macho kuwasha mchana kutwa na kubadilika rangi kuwa ya udongo, unaoonekana sana Afrika Mashariki. Mtoto anasugua macho miaka nenda rudi, na kusugua huko kunaidhoofisha konea. Kwa hiyo mtu mwenye mikroni 485, kama kijana wetu, anastahili kupigwa ramani ya konea kwanza, hasa kama miwani inabadilishwa kila baada ya miezi michache na bado haoni vizuri. Ukigundua keratokonasi, swali la retina hubadilika lote. Tuchukulie ramani yake ilitoka safi.

Sasa presha. Kifaa kinachoheshimika zaidi cha kupima presha ya jicho kilibuniwa na Hans Goldmann wa Uswisi katika miaka ya 1950. Kinabonyeza konea mpaka kieneo kidogo kiwe bapa, kisha kinauliza imehitajika nguvu kiasi gani. Hesabu yake ilidhani konea ina unene wa takriban mikroni 520. Konea nene hubisha zaidi, kwa hiyo kifaa huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Nyembamba hujisalimisha haraka, na kifaa huonyesha presha ya chini. Mashine ya kupuliza upepo, iliyo ya kawaida zaidi katika maduka ya miwani ya mjini, hupotoshwa na unene hata zaidi. Kijana wetu akiandikiwa presha 16, ndani ya ile 10 hadi 21 inayoitwa ya kawaida, huenda ya kweli iko juu ya hapo. Kwa kiasi gani? Zimetungwa fomula nyingi za kusahihisha, na hakuna hata moja iliyokubalika kwa wote, kwa hiyo daktari mzuri hatakupa namba mpya kwa uhakika wa bandia. Ataandika tu: konea nyembamba, usiiamini sana 16 hii.

Zaidi ya hayo, konea nyembamba ina uzito wake yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu wenye presha ya jicho iliyo juu, matokeo yake yakatoka mwaka 2002, ulikuta wenye konea ya mikroni 555 au pungufu walikuwa na hatari ya kupata glakoma karibu mara tatu ya wenye zaidi ya 588. Watu wenye asili ya Kiafrika kwa wastani wana konea nyembamba kidogo kuliko Wazungu, na glakoma kwao huanza mapema na kuharibu haraka zaidi. Mayopia nayo, hasa iliyo kali, huongeza hatari ya glakoma. Kijana wa Bombo anabeba yote matatu.

Na hapa vipimo vya kijana vinapindana kwa namna ambayo shangazi hakuitarajia. Kipimo cha presha kinamtuliza kijana bila sababu ya kutosha. OCT inamtisha bila sababu ya kutosha. Kosa la kwanza linatoka kwenye konea, la pili kwenye urefu wa jicho, na yanavuta pande tofauti. Ukisoma kipimo kimoja pekee utakosea, na kichwa cha neva chenyewe hakisaidii sana, kwa kuwa katika macho marefu huwa kimelala upande, kimezungukwa na ukingo mweupe, kiasi kwamba hata daktari mzoefu husita kusema kama ni glakoma au ni umbo tu.

Kinachotegua fumbo ni muda. Jicho lililorefuka bila ugonjwa litaonyesha wekundu ule ule mwaka huu na mwaka kesho. Glakoma hutembea. Kwa hiyo picha ya leo ina thamani hasa kama msingi wa kulinganishia, ikiwezekana kwa mashine ile ile, pamoja na kipimo cha uwanja wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila unapoona kinuru. Akirudi hospitali ya Mulago, au Mengo, au akihamia Mbarara akaenda hospitali ya Ruharo, abebe picha zenyewe, maana ripoti ya sentensi moja hailinganishiki na chochote. Na aulizie urefu wa jicho lake kwa milimita. Namba hiyo inasema mengi zaidi juu ya retina kuliko mikroni za konea, na mara nyingi hata kuliko namba ya miwani.

Retina iliyovutwa ina hatari nyingine isiyo na uhusiano wowote na konea: kuchanika pembezoni na kubanduka. Hatari hiyo hupanda na mayopia, kwa takriban mara nne kwa mwenye minasi 1 hadi 3, na mara kumi kwa aliyezidi hapo, ukilinganisha na asiye na mayopia. Pembezoni huko OCT ya kawaida haifiki, inabidi mboni ipanuliwe kwa matone na daktari achungulie. Mwenye mayopia kali akiona ghafla vidoa vingi vinavyoelea, mimweko kama ya radi pembeni, au pazia jeusi linaloshuka, aondoke siku hiyo hiyo. Wapasuaji wa retina Uganda ni wachache na wako mijini, na ukitoka Yumbe kwa basi la usiku saa nyingi zimeshakwenda.

Kwa watoto, picha ya nchi bado ina nafuu. Uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za Kampala na kuchapishwa 2002 uliwapima watoto 623 wa miaka 6 hadi 9, na kati ya wenye kasoro za kuona mayopia ndiyo iliyokuwa chache kuliko zote. Makadirio ya dunia yaliyotolewa 2016 yanasema nusu ya watu watakuwa na mayopia ifikapo 2050. Kinachojulikana kuchelewesha mwanzo wake ni mwanga wa nje, kama saa mbili kwa siku, na sioni kwa nini shule za bweni zinazowafungia watoto darasani tangu alfajiri zisilifikirie hilo. Matone ya atropini ya kiwango kidogo hupunguza kasi ya jicho kurefuka kwa aliyekwisha anza, na hayo ni ya kuandikiwa na daktari.

Limebaki jambo la leza, kwa sababu kijana wa miaka 19 lazima ataliuliza. Upasuaji wa LASIK huchonga konea, takriban mikroni 12 hadi 15 kwa kila dayopta, na juu ya hapo hukatwa kifuniko cha mikroni 100 au zaidi. Kwa minasi 8 ni zaidi ya mikroni 90 za kuchonga. Madaktari hutaka zibaki angalau 250 hadi 300 chini ya kifuniko. Ukitoa kwenye 485 unabaki ukingoni, na wengi watamkatalia. Akikubaliwa kwa njia nyingine ya kuchonga juu bila kifuniko, atatoka anaona bila miwani, lakini jicho litabaki na milimita zake 27, retina ile ile, koroidi ile ile, hatari ile ile ya kubanduka. Kitakachobadilika ni kwamba konea sasa ni nyembamba zaidi, kipimo cha presha kitasoma chini zaidi, na daktari atakayempima miaka ishirini baadaye ataona mtu asiyevaa miwani mwenye presha 11. Asipoambiwa, hatakuwa na sababu ya kushuku chochote. Kwa hiyo karatasi ile ya mikroni 485 na minasi 8 isitupwe.